Kadi ya Mama Iko Makambako

Kwa zaidi ya miaka miwili kadi ya benki ya mama yangu ilikaa ndani ya kopo la biskuti, Makambako. Haikuwa peke yake. Humo koponi kulikuwa na kadi nyingine nyingi, zimefungwa kwa raba mafungu mafungu, na kila moja imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda chenye namba nne za siri zilizoandikwa kwa kalamu. Kopo hilo nimeliona kwa macho yangu. Sitaki kujifanya kwamba nimeshasamehe.

Mama ni mwalimu mstaafu. Alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka siku anastaafu, na nusu ya watu wazima wa kijiji chetu, nje kidogo ya Njombe mjini, walijifunza desimali mbele ya ubao wake, wengine kwa viboko. Mimi nilikuwa wa viboko. Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna msomaji ameshaanza kusikitika: masikini bibi wa watu, hakusoma, wakamzidi akili. Amesoma. Ana akili kuliko mimi na wewe.

Nilijua habari hii mwezi wa kwanza, nilipokwenda kumsalimia na kumpelekea sukari. Nilifungua kabati nikitafuta kiberiti, nikakuta sahani ya chai yenye vidonge vyake vya presha vimekatwa katikati kwa wembe, vimepangwa mstari mmoja. Nikamwuliza ni nini hiki. Akasema anakula nusu leo na nusu kesho ili vifike mwisho wa mwezi.

"Kwani pensheni haijaingia?"

"Imeingia tangu juzi. Bado hajanipigia."

"Nani hajakupigia?"

Akaanza kupepeta mahindi ambayo yalikuwa yameshapepetwa.

"Yule bwana wa Makambako," akasema.

Ilibidi nikae chini ndipo anieleze. Miaka miwili nyuma baba alikuwa ameshikwa na tumbo, likakaza mpaka akawa hawezi kunyooka, na zahanati wakasema apelekwe hospitali ya Ikonda. Ikonda si hapa. Ilitakiwa gari ya kukodi, hela ya kuanzia matibabu, na hela ya kula kwa atakayemuuguza huko Makete. Mama alikwenda benki kuomba mkopo wa wastaafu, wakamwambia fomu zinachukua kama siku kumi. Akanipigia simu mimi.

Hapa nitasema ukweli, maana nikimtukana mwenzangu bila kujitaja nitakuwa mwongo. Nina duka la sare za shule Njombe mjini. Siku hiyo kwenye droo nilikuwa na pesa ya kununulia vitambaa, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Nikamtumia mama laki moja, nikamwambia sina zaidi. Nilikuwa nazo. Kesho yake asubuhi mama alipanda basi la Makambako, na basi la Makambako linapita mbele ya duka langu.

Kwa nini Makambako, wakati Njombe wakopeshaji wamejaa kila kona na mabango yao ya mkopo wa haraka? Kwa sababu Njombe kila dirisha lina mtu aliyefundishwa na mama. Kwetu mtu akiwa na shida ya pesa hasemi. Atakwambia anaumwa, atakwambia mbolea imechelewa, atakaa benchi la mbele kanisani na koti limepigwa pasi, lakini kwamba anadaiwa hutalisikia mdomoni mwake. Makambako ni mji wa njia panda. Watu wanatoka Mbeya, Iringa, Songea, hakuna anayemjua mwenzake. Mama aliona hapo ndipo pa kwenda kukopa kwa heshima.

Alipewa laki sita. Riba asilimia thelathini kila mwezi. Dhamana ni kadi ya benki na namba ya siri. Pensheni yake ni laki tatu na ushee. Kila mwezi yule bwana anakwenda mashineni, anatoa pensheni yote, anakata laki na themanini yake, kisha anampigia mama aende akachukue iliyobaki, au anamtumia kwa simu na makato juu yake mama. Laki sita yenyewe haiguswi. Kule mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu, na watu wanalitaja jina hilo huku wanacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Wiki iliyofuata nikafunga duka, nikamchukua mama, tukaenda. Mama alipanda basi na kiroba cha viazi mviringo. Nilidhani anampelekea ndugu yetu wa kule.

Ofisi yenyewe ni chumba nyuma ya duka la makava ya simu. Kuna makochi yenye vitambaa vya kufuma, kuna kalenda, kuna maua ya plastiki. Yule bwana ni mtu wa makamo, msafi, ana sauti ya upole. Alisimama tulipoingia.

"Shikamoo mama! Pole na baridi ya huko. Mzee hajambo?"

Akashika mkono wa mama kwa mikono yake miwili. Akamwekea mto mgongoni. Afadhali angetutukana, ningejua pa kuanzia.

Nikamwambia nimekuja kuchukua kadi. Akatabasamu, akatoa kopo chini ya meza, akalifungua, akachambua yale mafungu mpaka akaipata kadi ya mama, akaiweka juu ya meza na kuifunika kwa kiganja.

"Hakuna tatizo, dada. Mlete laki sita."

Nilikuwa nimefanya hesabu usiku mzima kichwani, ila nikaifanya tena kwa sauti ili ainywe vizuri. Laki na themanini mara ishirini na sita. Milioni nne, laki sita na themanini elfu. Kwa mkopo wa laki sita!

"Hiyo ni riba," akasema kwa upole uleule. "Mkopo uko palepale. Mama anajua. Mama ni mteja wangu mzuri kuliko wote, sijawahi kumsumbua."

"Unaona sawa mtu akulipe mara nane na bado anadaiwa?"

"Dada, siku ile mzee anaumwa, benki walimwambia mama asubiri siku ngapi? Ndugu walitoa shilingi ngapi?" Akanitazama. Sijui mama alimweleza nini kuhusu mimi, lakini alinitazama. "Mimi nilimpa kwa dakika ishirini. Serikali ikija ikaniambia nisizidishe riba ya kiasi fulani, sawa, nitafunga, nitauza makava. Halafu siku nyingine mama yako akiumwa, atakimbilia kwa nani?"

Nikapandisha sauti badala ya kumjibu. Nikamwambia nitakwenda polisi, nitakwenda kwa mkuu wa wilaya. Hakubadilika hata uso. Akasema nami nifanye ninavyoona, lakini yeye akikosa marejesho huwa anafika kwa mteja. Wa kanisani huwa anawafuata kanisani. Anaingia, anakaa mbele, ibada ikiisha anaomba nafasi kwenye matangazo.

Mama akanivuta kitenge. "Twende, mwanangu." Kisha akainama, akakivuta kile kiroba cha viazi kutoka nyuma ya kochi, akamsogezea yule bwana miguuni.

"Vya msimu huu," akasema. "Si vingi."

"Asante sana mama, Mungu akubariki."

Tulipofika stendi nilipiga kelele. Upepo wa Makambako unajaza vumbi mdomoni, nami nilikuwa nimeuacha wazi. Watu waligeuka. Nikamwuliza mama ana kichaa gani, mtu anamnyonya naye anambebea viazi, tena kwenye basi, tena kwa nauli yake! Mama alingoja nimalize. Kwetu aliyekusaidia wakati wa ugonjwa huendi kwake mikono mitupu, na tangu mavuno ya kwanza alikuwa akimpelekea: viazi, mahindi mabichi, siku moja kuku.

"Hesabu yako nimeisikia," akasema. "Niliifanya siku ya kwanza, kabla sijamtajia namba. Nilijua. Lakini baba yako leo yuko shambani anapogoa miparachichi. Wewe unataka nimchukie vipi huyu mtu?"

Nilitaka amchukie hivihivi, kama mimi. Na nilimchukia mama kidogo pia, siku hiyo, Mungu anisamehe.

Mwezi wa tatu alikuja ofisa kutoka wilayani kutoa elimu ya fedha kwenye ofisi ya kata. Alitueleza tusome mikataba kabla ya kusaini, tuwe na nidhamu ya matumizi, tuweke akiba. Mama alikuwa amekaa mbele, anaandika kwenye daftari. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini riba haina kikomo. Ofisa akasema kipo, kwa wenye leseni ya kukopesha. Nikauliza, na asiye na leseni hiyo? Akasema huyo anavunja sheria, tumripoti. Nikamwambia ninayemjua mimi ana leseni ya kuuza makava ya simu, imebandikwa ukutani kwenye fremu ya kioo. Watu wakacheka, ofisa naye akacheka, tukahamia mada ya vikoba.

Elimu! Walimu wa hesabu wanaweka kadi zao kopo moja na wakulima wasiojua kusaini, halafu dawa iwe elimu. Mama hakukosa elimu siku ile. Alikosa pesa, saa nne asubuhi, na mume wake amejikunja kitandani. Mtu wa namna hiyo ukimwekea mbele asilimia thelathini atasaini, ukimwekea hamsini atasaini, na mkataba atausoma mpaka nukta ya mwisho. Ndiyo maana siwezi kusikia tena habari ya makubaliano ya hiari ya watu wazima.

Nikipanda basi kutoka Njombe kwenda Makambako, nauli imepangwa. Konda akinizidishia kuna pa kumshitaki, na anajua, ndiyo maana hathubutu. Petroli inayoliendesha basi hilo ina bei kikomo, inatangazwa kila mwezi redioni. Hakuna aliyesema magari yatakosa mafuta kwa sababu bei ina kikomo. Kwa hiyo serikali inajua kuweka kikomo na kukisimamia ikitaka. Iweke kwenye pesa inayokopeshwa wagonjwa na wastaafu, kwa kila anayekopesha, awe na bango au awe na makava, na iwe hivyohivyo kwa zile riba zinazobadilishwa jina zikaitwa ada ya fomu na ada ya huduma. Na kushika kadi ya mtu mwingine iwe kosa la kumlaza mtu ndani, kopo likiwa ndilo ushahidi. Yule bwana atauza makava. Na swali lake la nani atamkopesha mama nimelifikiria sana tangu siku ile. Jibu lake ni benki, ile iliyotaka siku kumi kumkopesha mtu ambaye pensheni yake inapitia kwao wenyewe kila mwezi. Na jibu lingine ni mimi. Ila mtoto akikosa utu mama asiuzwe, na kikomo kimewekwa kwa ajili ya siku kama hizo.

Hayo yote nilimwambia mama. Nikamwambia pia kwamba dawa ni rahisi: twende benki, useme kadi imepotea, wafunge ile na kukupa mpya. Yule abaki na plastiki yake.

"Haijapotea," mama akasema.

"Mama, sema tu."

"Nitasemaje imepotea na ninajua ilipo? Halafu aje kanisani anikute nimekuwa mwizi na mwongo kwa pamoja?"

Miezi miwili hatukuelewana. Mwezi wa nne nilinunua vidonge vyake mimi, naye akavipokea kama mtu anayepokea barua ya kuitwa mahakamani.

Kisha Jumatano moja mama alifanya jambo ambalo sikumtegemea. Kila Jumatano wanawake wa usharika wetu wanakutana, wanaimba, wanasoma, wanachangia mgonjwa kama yupo. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeleta vitambaa vya sare za kwaya. Walipofika mahali pa mengineyo, mama alisimama, akavua miwani, akasema ana tangazo ambalo kuna mtu anataka kuja kulitoa, naye ameona heri alitoe mwenyewe. Akasema alikopa laki sita Makambako. Akasema riba. Akasema ameshalipa ngapi. Alisema kwa sauti yake ya darasani, bila kulia, akakaa.

Nilisikia bati likilia kwa jua. Nikawa najiandaa kumvaa wa kwanza atakayemcheka.

Mke wa mzee wa kanisa, mama mmoja mkubwa ambaye ana mashine ya kusaga na hajawahi kukosa sadaka, aliinua kichwa taratibu.

"Kopo lenyewe," akauliza, "bado ni lile la bluu?"

Hakuna aliyecheka. Aliyekaa nyuma yake akajifunika uso kwa khanga. Mwingine akasema la kwake lilikuwa bahasha, ni mtu mwingine, karibu na reli. Hesabu ya haraka niliyofanya pale ilifika wanawake sita, majirani wa nyumba kwa nyumba, wanaoazimana chumvi na majembe. Kila mmoja alikuwa amepanda basi peke yake kwenda Makambako ili hawa wengine wasijue. Sijui kama walipishana stendi. Hasira niliyokuwa nayo kwa mama ilihama siku hiyo, ikaenda yote kule inakostahili.

Jumatatu mama akaniambia twende benki. Tulikwenda watatu, na yule mama wa mashine. Binti wa dawati alitoa fomu, akauliza kwa upole kadi imepatwa na nini. Kwenye fomu kulikuwa na vijisanduku vitatu: imepotea, imeibwa, imeharibika. Mama alivaa miwani akavisoma vyote vitatu. Kisha chini yake, pembeni, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Nilimpa mtu.

"Mama, weka tu imepotea," yule binti akanong'ona. "Itakuwa rahisi."

"Rahisi kwa nani?" mama akasema.

Akaitwa meneja. Meneja akaja kutuelimisha kwamba kumpa mtu namba ya siri ni kinyume cha masharti na benki haihusiki na hasara yoyote. Nilikuwa nimeshasimama. Mama akanishika mkono, akamwambia meneja ni kweli, alikosea, na sasa anaomba kadi yake. Akamwambia pia kwamba wako wengine wanakuja, bora waongeze kijisanduku cha nne. Kadi ya zamani wakaifunga, mpya tukaambiwa ndani ya wiki.

Pensheni ilipoingia yule bwana akaikosa mashineni, akampigia mama simu. Nilipokea mimi. Nilimpa vidonge vyake vyote, kwa Kiswahili na kwa Kibena ambacho najua hakijui. Kanisani hajafika mpaka leo. Laki sita ya msingi mama anasema siku moja atampelekea, kwa sababu alikopa. Nami nimemwambia siku hiyo atanipita nikiwa nimelala mlangoni.

Kadi ilipotoka, mama akaingia mashineni na mimi nikasimama nyuma yake, nimegeuza uso asije akadhani nachungulia namba. Nilimsikia anabonyeza polepole. Halafu kubonyeza kukakoma. Nikageuka. Kioo kilikuwa kimepanga viwango, elfu kumi, elfu ishirini, hamsini, laki, na mama amesimama mbele yake na kidole hewani.

"Mwezi huu," akaniuliza, "naruhusiwa kutoa ngapi?"

Kabla sijamjibu akabonyeza elfu kumi, akaipokea, akaikunja mara mbili. Tulipotoka nje akaniuliza ni nani anatakiwa kupigiwa simu, aambiwe kwamba ameichukua.